Nchi Isiyofiwa

Waliokwenda nchi ya Zaidi na kurudi wanahesabika kwa vidole, na hao nao ukiwauliza huzungusha maneno. Ngwali wa Mtondooni hazungushi. Ukimuuliza atakusimulia yote, kuanzia langoni mpaka mwisho, ila kwanza atachagua mahali pa kukaa ambapo hakuna ukuta mbele yake.

Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na minne, seremala wa vitanda na mtunzi wa mashairi ambaye hakufundishwa na mtu. Mizani alijifunza mwenyewe, akihesabu silabi kwa mapigo ya nyundo, na kwa hiyo aliamini hakuna chini ya jua wa kumsahihisha. Dada yake, Mize, alikuwa na mwaka wa sita tangu aolewe Zaidi. Hakurudi hata kwa Idi. Lakini kila Ijumaa mchana ujumbe wake uliingia katika simu ya mama yao, na mama akampa Ngwali amsomee.

Ijumaa moja Ngwali alisoma hivi: "Mama, mvua zimeanza? Usilale na nguo mbichi."

Akainua kichwa. Nje palikuwa na vumbi la miezi mitano ya ukame, na maneno yale aliyajua. Akarudi nyuma katika simu, Ijumaa moja baada ya nyingine. Zilikuwa jumbe tatu tu, zinapokezana kwa zamu kwa muda wa miaka miwili, bila hata nukta kuongezwa.

Mama alipoonyeshwa hakulia. Alisema, "Anayeniandikia si mwanangu. Nenda kanitazamie, Ngwali. Kama yu hai, mlete. Kama hayupo, njoo uniambie nilie. Siwezi kuishi hivi, mtu hayupo na kilio sina."

Jinsi alivyofika haina faida kuieleza. Njia ya Zaidi ni nyepesi. Wenyeji wake wanapenda watu waingie.

Langoni alipokewa na afisa mnene mwenye sauti ya upole, Bwana Pandu. Hakuulizwa ametoka wapi wala amefuata nini. Aliambiwa neno moja: "Simu."

Ngwali akaitoa. Bwana Pandu akaigeuzageuza kama anayekagua samaki sokoni.

"Tupu," akasema kwa huruma.

"Tupu vipi? Ina chaji."

"Haijaoanishwa. Simu peke yake, kaka yangu, ni mkono uliokatwa. Tangu uinunue umekuwa ukiishi robo ya maisha yako na hujui."

Akamweleza sheria ya kwanza ya Zaidi. Kila simu lazima ioanishwe na kisanduku cha nyumba fulani. Kisanduku ni kidogo, cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, na hukaa chini ya runinga. Na runinga ya Zaidi si chombo cha kuweka mezani. Ni ukuta mzima. Ukishaoanishwa, kilichomo mkononi huonekana ukutani, na ukuta hufuata amri ya mkono. Simu ndiyo rimoti, ndiyo kalamu, ndiyo mdomo. Rimoti za zamani zilizikwa kwa heshima zote, na Bwana Pandu alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

"Yale ndiyo mazishi ya mwisho kufanyika nchini," akasema. "Mwaka wa saba sasa. Zaidi hatufiwi."

Ngwali alidhani ni mzaha, akacheka. Peke yake.

Sheria ya pili ilikuwa ya wageni. Yote yaliyomo katika simu ya mgeni hutandazwa kwenye ukuta wa langoni, nchi imjue. Kufumba na kufumbua, mbele ya foleni ya watu wasiopungua kumi, yakatokea mashairi kumi na moja aliyomtungia binti wa muuza vitumbua na hakuthubutu kumpelekea. Watu waliyasoma kwa makini, vichwa vimeinama upande.

"Ubeti wa tatu, mshororo wa pili, umepwaya," alisema mwanamke mmoja mwenye kikapu.

"Umepwaya wapi?" Ngwali aliwaka. "Hesabu!"

"Nimehesabu. Kumi na tano."

Alihesabu na yeye, kimoyomoyo, akiitafuta ya kumi na sita. Kumi na tano. Uso ukamwiva, na ndiyo mara ya kwanza katika safari ile alipotamani ardhi ipasuke.

Bwana Pandu akamrudishia simu. "Nimekuoanisha na nyumba ya dada yako, Mtaa wa Nne. Una saa tatu za kufika. Ukishafika, usiende mbali na nyumba zaidi ya hatua mia mbili, mtandao haufiki. Na ukiulizwa, jibu."

"Nikiulizwa nini?"

Foleni yote ilikuwa inanong'ona. Ikanyamaza. Bwana Pandu akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

"Utalijua," akasema.

Mitaa ya Zaidi ni misafi kupita kiasi. Jua lilikuwa kali, lakini halikuingia katika nyumba hata moja; madirisha yote yamezibwa kwa magunia ili kuta zionekane vizuri. Kupitia milango iliyoachwa wazi Ngwali aliona familia zimeketi, kila mtu na hedifoni zake, kila mtu anasikiliza kwa simu yake. Baba anacheka, mama anafuta machozi, mbele ya ukuta mmoja. Mikono yote ikitulia, ukuta huanza kupitisha picha za wenyewe: harusi, watoto, siku ya kutahiriwa. Hapo ndipo wanaposogea mbele na kutazamana kwa mapenzi, kule ukutani, ilhali wamekaa bega kwa bega.

Karibu na duka la kinyozi mtu alitoka mbio, shuka la kunyolea shingoni, povu kwenye shavu moja. Simu ilitetemeka mkononi mwake, naye alikuwa akihesabu kwa sauti: "Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja..." Watu walimpisha kama wanavyopisha gari la zimamoto. Alimkumba bibi mmoja, machungwa yakamwagika, na bibi hakutukana. Alisogea ukutani, akafumba macho mpaka yule mtu akapotea kwenye kona.

"Anakimbilia nini?" Ngwali akamuuliza kinyozi.

"Anakwenda kuishi," alisema kinyozi, akikung'uta wembe. "Kwake ni hatua mia na themanini. Zamani alikuwa na mguu mzuri."

Mize alifungua mlango kiasi cha jicho moja. Alimtazama ndugu yake, akageuka akautazama ukuta, kisha akamtazama tena.

"Ngwali? Umeoanishwa? Sema umeoanishwa!"

"Nimeoanishwa. Da Mize, ndiyo salamu hiyo?"

Ndipo alipomkumbatia. Ngwali alihisi mbavu zake, na kati yao vitu vitatu vigumu: simu tatu, zimefungwa kiunoni katika mafundo matatu ya kanga. Moja ilikuwa na uzi mweupe, moja kijani, moja mwekundu.

Chumbani mlikuwa na viti vitatu vimeelekea ukutani. Kwenye kimoja palikuwa na kanga iliyokunjwa na miwani juu yake. Kwenye kingine, kofia ya kiume.

"Msalimie mama mkwe wangu," Mize alisema, akionyesha ile miwani. "Bi Nunu."

"Dada, kiti ni kitupu."

"Msalimie. Anatazama."

Ngwali akaielekea miwani. "Shikamoo, Bi Nunu."

"Marahaba, baba. Umetoka salama?"

Ilikuwa sauti ya kikongwe, ya kukwaruza, nayo ilitoka nyuma yake. Akageuka kwa kasi. Alikuwa Mize tu, na midomo yake ndiyo kwanza inafungika.

Kabla hajapata la kusema, picha ya ukutani iliganda. Simu zote nne zikatetemeka. Maandishi meupe yakajitokeza, marefu kama mtu:

BI NUNU, BADO UNATAZAMA?

Chini yake palikuwa na namba sitini. Ikawa hamsini na tisa.

Mize alichomoa simu yenye uzi mweupe. Mabega yakamshuka, kidevu kikatetemeka, akazeeka miaka arobaini mbele ya macho ya ndugu yake. "Natazama, mwanangu," akasema kwa ile sauti. Maandishi yakabadilika: SHAALI, BADO UNATAZAMA? Akashika simu ya kijani, akatoa kifua, na sauti nzito ya kiume ikatoka katika koo la dada yake: "Nipo. Natazama." Kisha akajibu la kwake. Kisha ukuta ukaandika:

NGWALI, BADO UNATAZAMA?

Alisimama kama mti. Jina lake halikuwahi kuandikwa kubwa namna ile. Arobaini. Thelathini na tisa.

"Jibu!" Mize alimsukumia simu mdomoni. "Jibu, mdogo wangu, jibu, jibu!"

"Natazama," alisema Ngwali, na sauti ilitoka ndogo. Picha ikaendelea, watu wawili wakishindana kukaanga mayai. Aliona aibu, kwa sababu moyo wake ulikuwa umefurahi.

Walikaa jikoni, mahali pekee palipokuwa na tundu la mwanga, na Mize akaeleza kwa mnong'ono. Swali huja kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, na hujibiwa mbele ya ukuta tu. Asiyejibu huzimwa.

"Anapelekwa wapi?"

"Hapelekwi. Anakuwa hayupo. Na nyumba iliyozimika, sijui. Hakuna anayejua ni nani wanaokuja."

Bi Nunu alikufa kwa homa, mwaka wa tatu sasa. Mize na mumewe Shaali walimzika chini ya mlimau nyuma ya jiko, bila kulia, kwa sababu simu husikia, na kilio huandikwa. Jirani aliwaambia wamjibie tu, kila nyumba hufanya hivyo. Miezi mitatu baadaye simu ya marehemu ilianza kugoma kuchaji. Shaali akatoka kwenda kutafuta chaja. Duka la mtaani lilikuwa limefungwa, akaamua kusogea mbele kidogo. Simu yake mwenyewe aliiacha kwenye umeme. Alisema, narudi kabla ya swali.

"Nikamjibia mara moja," Mize alisema. "Mara moja tu, Ngwali, nimsaidie. Sasa nafanyaje? Akirudi ajikute amekufa?"

"Na zile jumbe za Ijumaa?"

"Nilizipanga zijitume. Sikutaka mama aogope."

Tangu siku ile hakuwahi kulala saa tatu mfululizo. Ngwali aliyaona macho yake, yalivyozama, na hasira ikampanda. Alikuwa kijana wa namna hiyo. Hofu ikimkaa sana humgeukia hasira. Akaapa kwamba kesho yake atawaendea wenye nchi awaambie usoni.

Kila mtaa wa Zaidi una Baraza lake, kwa kuwa hakuna anayeweza kwenda mbali. Baraza la Mtaa wa Nne lilikuwa na viti arobaini vya enzi, kila kimoja na jina la mjumbe kwa herufi za shaba. Macho ya Ngwali yalipozoea kiza aliona kwamba wajumbe wenye miguu walikuwa saba. Viti vingine thelathini na vitatu vilikuwa na mito ya mahameli, na juu ya kila mto imelazwa simu. Mzee mmoja mwembamba, Mzee Ubwa, karani wa Baraza, alikuwa akipita kati ya viti kwa mwendo wa mtu anayezima moto: anainama, anagusa, anatoa sauti ya mheshimiwa huyu, anainuka, anatoa ya yule.

Hoja ya siku ile ilikuwa kwamba swali liulizwe kila saa moja. Mtoa hoja, Mheshimiwa Tajo, alikuwa hai, na macho yake mekundu kama ya mchoma mkaa.

"Miaka saba," alisema, "hakuna kifo hata kimoja! Nitajieni nchi nyingine. Na haya tumeyapata kwa kuuliza kila saa tatu tu. Tukiuliza kila saa moja, tutaishi mara tatu zaidi."

"Mheshimiwa, na wananchi watapika saa ngapi?" aliuliza mjumbe mwingine aliye hai, kwa woga.

"Watatazama upishi."

Makofi yakalipuka. Yale ya simu yalikuwa makubwa kuliko ya watu. Hoja ikapita kwa kura thelathini na tisa dhidi ya moja, na sheria ingeanza kazi adhuhuri ileile.

Ngwali aliposikia adhuhuri ileile, alimwona Mize na simu zake tatu. Kila saa moja. Atakufa kabla ya Ijumaa, na atakufa akijibu. Akasimama bila kuitwa, akatoa ubeti alioutunga asubuhi na kuuhesabu mara tano:

*Nimekuja na suali, wenye nchi nijibuni,*
*Mtu hayuko mahali, mwasema yuko kitini,*
*Simu ikisema kweli, nani alo kaburini?*
*Namtaka yu kamili, turudi kwetu nyumbani.*

Maneno yake yalikimbia ukutani kadiri alivyoyatamka. Mzee Ubwa aliganda, mkono hewani. Kisha ukuta ukaandika: KWA KUWA UMEPENDA SWALI HILI, TAZAMA NA HAYA. Zikafuata picha ishirini: mwimbaji, mchekeshaji, wagomvi wa mpira, na katikati yao kijana mwenye uso wa Ngwali. Uso wake hasa, na kovu la patasi kidevuni. Yule kijana akafungua mdomo na kuanza kuisifu Zaidi kwa sauti ya Ngwali, mizani kumi na sita kamili, vina vimekaa sawasawa.

Kilichomtia baridi Ngwali si ule uso. Ni kwamba shairi lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kuliko lake, naye alitaka kusikia ubeti wa pili. Mguu wake ulikuwa umekwisha piga hatua kuelekea ukutani alipohisi vidole vya Mzee Ubwa vimemshika kiwiko.

"Mgeni ana kipaji," Mheshimiwa Tajo alisema kwa ukarimu. "Na dada yake ni mtu huru. Sheria iko wazi: anayetaka kuondoka aondoke, mradi abaki wa kujibu mahali pake. Wewe una sauti nzuri, kijana. Fikiri."

Ubwa alimtoa nje mpaka kwenye kichochoro. Kule, mkono mmoja ukiwa umezifunika simu zao mbili zisisikie, alisema haraka bila kumtazama.

"Kiti cha kumi na saba. Miaka minne iliyopita nilipata homa, nikakosa kumjibia. Nikakaa nisubiri waje."

"Nani walikuja?"

"Kipande chake cha ukuta kilizimika, basi. Nikakitoa kiti, nikaleta kingine, nikaandika jina jipya. Naendelea kusubiri."

"Basi hakuna wa kuja! Mzee wangu, kwa nini husemi?"

"Niseme nini? Kwamba nimemuua mheshimiwa? Na je, kama yule hawakumjali tu, lakini wakizimika watatu, wanne, waje?" Akageuka akautazama mlango wa Baraza. "Mimi nina watu thelathini na watatu. Siwezi kujaribu na watu thelathini na watatu. Nenda, baba. Adhuhuri imekaribia."

Mize alipoambiwa habari ya Ubwa na ya kubadilishana, alimshika ndugu yake kola. "Mama alikutuma ubaki?"

"Alinituma nikulete."

"Basi usiniletee upuuzi. Na huyo Ubwa wako alimwacha mtu wa kitini. Mimi huyu ni mume wangu."

Ngwali alikuwa na maneno mengi makali, maneno ndiyo aliyojivunia maisha yake yote, na hakuona hata moja la kufaa. Akasema tu yale ya mama yao.

"Mama alisema kama umekufa nimwambie, alie. Hicho tu ndicho alichotaka, Da Mize. Alie. Wewe Bi Nunu hujamlilia."

Mize aliachia kola. Akatazama ile miwani kwenye kanga, kwa muda mrefu. Picha ya ukutani ikaganda.

BI NUNU, BADO UNATAZAMA?

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye uzi mweupe. Mabega yakashuka, kidevu kikaanza kutetemeka. Arobaini na nane. Kisha akanyoosha mgongo, na aliposema, alisema kwa sauti yake.

"Bi Nunu, mama yangu, ulikufa Jumanne."

Akailaza simu juu ya kanga, kando ya miwani. Namba zikashuka mpaka sifuri, na robo ya ukuta ikawa nyeusi.

SHAALI, BADO UNATAZAMA?

Safari hii hakuweza. Alishika simu kwa mikono miwili, mdomo umefunguka, na Ngwali aliona kifua chake kinajaa ile sauti nzito. Thelathini. Ishirini na tano. Angeweza kumpokonya, alikuwa na nguvu za kutosha. Lakini alijua kwamba akiipokonya, atakuwa amemuua Shaali yeye, na dada yake hatamsamehe mpaka kaburini. Akaweka mikono nyuma. Kumi na mbili.

"Shaali," alisema Mize, "sijui uko wapi. Kama u hai, u hai bila sauti yangu."

Giza likameza sehemu nyingine. Swali la Mize mwenyewe lilipokuja walishikana mikono, na meno yake yaligongana mpaka sifuri. Ukuta ukabaki na kipande kimoja, nacho kikaandika jina la Ngwali. Chini ya jina ukatokea ule uso wake, unatabasamu, na mstari mdogo: UBETI WA PILI UKO TAYARI.

Ngwali aliung'ata ulimi mpaka akaonja damu. Anasema sitini ile ilikuwa ndefu kuliko safari nzima.

Ukuta wote ukawa mweusi kama kisima. Na ndani ya weusi ule walisimama watu wawili. Mize alipiga ukelele. Miaka miwili hakuwa amejiona, na hakumtambua yule mwanamke aliyekonda. Alipomtambua, akakaa chini na kulia. Alimlilia Bi Nunu kwa sauti, kwa majina yake yote, kama inavyotakiwa kumlilia mtu, na Ngwali akang'oa magunia madirishani jua liingie.

Ndipo waliposikia hatua.

Zilikuja taratibu, zikasimama mlangoni. Mize akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Ngwali akachukua mchi wa kinu. Nje kitu kilikwaruza ubao, mara moja, mara mbili, halafu wakasikia mtu anajikaza asilie. Akafungua kwa ghafla, mchi juu.

Alikuwa jirani, mwanamke wa makamo, na roli ya utepe mweusi mkononi. Alikuwa anafunga mlango, kama jirani anavyotakiwa kufanya kwa nyumba iliyozimika. Hakukuwa na mwingine. Alitazama mahali walipokuwa, macho yakapita kati yao kama yanapita hewani, akaendelea kubandika utepe penye uwazi, machozi yanamtiririka.

"Mama Subira," Mize alimwita. "Ni mimi."

Utepe ulijikunja, yule mama akaunyoosha. Hakujibu. Aliyezimwa hayupo, na asiyekuwepo hajibiwi.

Walitembea katikati ya Zaidi mchana kweupe, bila simu, hatua mia mbili, mia tatu, elfu. Watu waliwapisha bila kuwatazama. Kinyozi aligeuza kiti chake. Njia nzima Mize alitazama nyuso za wanaume. Langoni Bwana Pandu alipitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini, na jasho lilikuwa linamtoka.

"Sheria haina kifungu cha kumzuia asiyekuwepo," alisema, kama anaongea na meza. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Huu upepo leo." Akainuka akalifungua lango, akakaa, akafunika uso kwa kofia yake mpaka walipopita.

Mama yao hakuuliza mengi. Alimshika Mize mashavu, akamwangalia meno kama mtoto, akampa kigoda na kisu amenye muhogo. Mize akamenya, ila kila baada ya saa kadhaa mikono yake ilisimama na kichwa kikainuka.

Ijumaa mchana simu ya mama ikalia. Kwa mazoea akampa Ngwali. Namba ilikuwa ya Mize, ya ile simu yenye uzi mwekundu, waliyoiacha katika nyumba iliyofungwa kwa utepe.

"Sijambo mama, huku kwema," Ngwali alisoma, na kisu kikamwanguka Mize.

Simu ikalia tena. Kwa miaka miwili haikuwahi kulia mara mbili.

MAMA, BADO UNATAZAMA?

Chini yake, sitini. Hamsini na tisa.

Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga Zaidi, alinyoosha kidole gumba. "Nimjibu basi," alisema. "Si anauliza kwa adabu?"

Mize alikirukia kile kidole, akakifumbata katika ngumi yake. "Usijibu, mama. Nakuomba. Usijibu."

Walikaa hivyo, watatu, vichwa pamoja juu ya simu. Ilipofika sifuri kioo kikazima. Mama akangoja. Akatazama mlango, akatazama watoto wake, mmoja baada ya mwingine.

"Sasa nani kafa?" akauliza.

Mama akaweka mkono wa pili kifuani mwake, akasikiliza.

"Mimi nipo," akasema. "Ngwali, chochea moto, muhogo haujaiva."

Ngwali akachochea. Mize alibaki palepale. Alikuwa bado amekishika kidole cha mama yake, na hakukiachia mpaka ilipoadhiniwa alasiri.